Waliotolewa mfuko wa chakula kwa saratani, na wanaowauguza: tupeane uzoefu

Binti wa Barani, Malindi
Habari zenu ndugu zangu. Baba yetu alitolewa mfuko wote wa chakula huko Mombasa kwa sababu ya saratani. Kidonda kilikauka vizuri, tukarudi naye nyumbani tukishukuru. Tabu ikaanzia kwenye kula. Akinywa kikombe cha uji wa tende, hata dakika 20 hazijafika, jasho linamtoka mpaka kanzu inagandamana na mgongo, moyo unamdunda, tumbo linanguruma, anatafuta kitanda. Jirani ameshatwambia tumwite mganga, eti kuna mkono wa mtu.

Mkono wa mtu haupo. Mfuko wa chakula kazi yake ni kukiweka chakula, kukisaga na kukiachia utumboni kidogo kidogo. Baba sasa umio wake, yaani njia ya chakula kutoka kooni, umeungwa na utumbo mdogo, kwa hiyo kitu cha sukari kinashuka chote kwa mkupuo na utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu. Kuna na ile ya pili, inayokuja baada ya saa 1 hadi 3: mwili umemwaga insulini nyingi kuikabili sukari ile, sukari ya damu inaanguka, mgonjwa anatetemeka na kuona kisunzi. Daktari amesema ale mara 6 kwa siku, kisahani kidogo kidogo, atangulize samaki au yai, chai ya sukari aache, na maji anywe nusu saa kabla au baada ya chakula. Jasho likimshika, ajilaze. Amepata nafuu, lakini najua sisi si wa kwanza. Nyinyi yaliwapata yapi?

Mke wa fundi jahazi, Lamu
Pole sana dada. Yetu haikungoja chakula. Mume wangu alikatwa sehemu ya mfuko, akaruhusiwa mapema, nikamvusha tukaja zetu Langoni. Usiku ikamshika homa, moyo unakwenda mbio, analalamika bega la kushoto, tumbo gumu kama ubao. Zahanati tuliyoanzia wakasema malaria, wakampa dawa bila kumpima. Alfajiri tulimshusha gatini kwa kiti cha plastiki, vijana wanne wamekishika, boti mpaka Mokowe, kisha gari hadi Mombasa. Pale alipoungwa ndani palikuwa panavuja! Akafunguliwa tena, akawekewa mpira wa kutoa usaha na mwingine wa kumlisha moja kwa moja utumboni, na mdomoni hakikupita kitu mpaka pakapona.

Watu wa visiwani nawasihi, msivuke haraka. Kama mna ndugu Mombasa, kaeni kwake mpaka kliniki ya kwanza ipite. Na homa baada ya upasuaji huu si ya kununuliwa vidonge dukani.

Kijana wa Maweni
Mimi ni chakula kukwama. Kwanza nyama, halafu mkate wa mofa, mwisho hata wali ukawa unarudi. Kovu la pale palipoungwa lilikuwa limejikaza. Waliingiza kamera kooni wakapapanua kwa kipulizo, ikabidi warudie. Sasa nakula. Ukiona kila wiki unaacha chakula kimoja kwa sababu hakipiti, nenda.

Mwalimu mstaafu, Malindi
Binti yangu, umefanya vyema kumjibu huyo jirani. Upasuaji huu si mgeni: Theodor Billroth alifanikiwa kukata sehemu ya mfuko wa chakula huko Vienna mwaka 1881, na madhara yake yanajulikana. Waulizeni madaktari bila kuona haya.

Langu mimi lilikuja baada ya miaka, wakati watu wote wameshasahau kama niliumwa. Nyayo zikaanza kuchomachoma, kisha ganzi, nikivua viatu msikitini sijui kama nimekanyaga mkeka au sakafu. Mfuko wa chakula ndio unaotoa kile kitu kinachouwezesha mwili kuipokea vitamini B12. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu unachelewa kuonekana. Kliniki moja walinipa vidonge vya damu na foliki asidi tu. Damu ikapanda, wakafurahi, na miguu ikazidi kuharibika, maana foliki asidi huficha upungufu wa B12 huku mishipa ya fahamu inaendelea kuumia. Sasa nadungwa sindano ya B12, na ni ya maisha. Baba kama ametolewa mfuko wote, msingoje dalili. Ulizeni leo.

Mama wa Mkomani, Lamu
Na Ramadhani je? Mimi nililia ilipoingia, adhana ya magharibi ndiyo iliyonitoa machozi. Daktari alinikataza kufunga, nikamuuliza na shehe, akanisomea Aya ya 184 ya Suratul Baqarah, inayompa mgonjwa ruhusa. Natoa fidia. Tambi za sukari za futari naziacha, nala samaki wangu na wali kidogo. Usiku nalala kichwa juu, tumeinua miguu ya kitanda kwa matofali, kwa sababu nyongo ilikuwa inapanda mpaka kooni.

Binti wa Barani
Ahsanteni mno. Mwalimu, shikamoo, la B12 hatukuambiwa kabisa. Swali jingine: baba anakula hizo mara 6 na bado anakonda. Mifupa ya mabega imetokeza.

Mke wa fundi jahazi
Mtazame choo. Kama ni cheupe-cheupe, kina mafuta, kinaelea na kinanuka sana, mafuta ya chakula hayasagiki. Mume wangu alipewa vidonge vya vimeng'enya, vya kusaidia kusaga chakula, anavimeza pamoja na tonge la kwanza. Na mpime uzito kila wiki kwenye mizani ile ile, muandike. Daktari akiona namba anasikiliza zaidi.

Binti wa Barani
Choo ndicho hicho hicho, dada. Kesho kutwa tuna kliniki, nitalisema hilo pamoja na la sindano, na daftari la uzito naanza leo.