Mume wangu anasema "sina cha kuibiwa". Nimwambieje?

Mama Wawili
Wakuu, habari za jioni. Nyumbani tuna kompyuta moja ya wote: watoto kazi za shule, mimi hesabu za biashara, baba watoto mpira. Ujumbe wa apdeti ukitokea anabonyeza "baadaye", miezi mitano sasa. Nywila yake ya barua pepe ndiyo hiyohiyo ya benki. Ruta haijaguswa tangu fundi aifunge. Nikisema, ananijibu wezi wa mtandaoni wanawafuata matajiri. Kuna siku naona ana hoja. Anayo?

Bisibisi
Hana, dada. Anayebisha hodi si mtu aliyewachagua ninyi, ni programu inayopita mlango kwa mlango ikijaribu vitasa. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti hivyo, ikiingia kwenye ruta na kamera za watu kwa orodha fupi tu ya nywila za kiwandani. Wenye kamera wengi hawakujua kitu. Oktoba 21 vifaa hivyo vikatumwa kuishambulia kampuni ya Dyn, inayoelekeza watu kwenye anwani za tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Mumeo anacho cha kuibiwa: kifaa chenyewe na laini yake.

Mzee wa Kona
Mnatisha watu bure. Miaka kumi sina antivairasi na sijapata tatizo.

Bisibisi
Umejuaje, mzee wangu? Kompyuta iliyoingiliwa haioti jipu.

Nuru77
Shikamoo Mzee wa Kona. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu Mei 2017 na kudai hela, Microsoft walikuwa wameshatoa apdeti ya kinga tangu Machi, nami nikawacheka waliochelewa. Baadaye nikapakua programu ya kukraki (ya kulipia, iliyovunjwa ili itumike bure), mafaili yangu yote yakafungwa, nikadaiwa hela. Sikulipa. Picha za marehemu baba zilikuwa humo tu.
Mama Wawili, achana na habari za wadukuzi. Muulize: kompyuta hii isipowaka kesho, utalilia nini?

Mama Wawili
Pole sana Nuru. Nimemuuliza, kanyamaza kidogo, kisha akasema video za watoto walipokuwa wadogo. Halafu likatoka jingine: kumbe siku moja apdeti ilijiwashia upya mashine wakati wa penalti! Tangu hapo ndiyo "baadaye". Mimi nilidhani ni ubishi.

Mzee wa Kona
Hapo namwelewa kabisa.

Bisibisi
Basi dawa ni ndogo. Kwenye mipangilio ya Windows kuna sehemu ya kuweka saa mnazotumia mashine, isijiwashe upya saa hizo. Weka jioni yote. Ila kama ni Windows 10, apdeti zake za kawaida zilikoma Oktoba 14, 2025, angalia hilo kwanza. Kisha nywila ya barua pepe iwe ya peke yake, maana anayeishika barua pepe anabadilisha nywila za kwingine kote, na uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya siri inayokuja kwenye simu) uwashe. Ruta nayo, badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio yake. Video zinakilini kwenye diski ya nje, na mkimaliza mchomoe. Ikibaki imechomekwa, siku mkipata kirusi kama cha Nuru nayo itafungwa pamoja na mengine.

Mama Wawili
Ni Windows 11. Saa nimeweka, mpaka usiku wa manane. Diski kaenda kuinunua mwenyewe. Nywila ya benki bado tunabishana.