Mbwa wa mtaani wanachafua bustani yangu kila alfajiri

Mama wa Kinyerezi

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Tangu mvua za vuli nimepanda ukoka mbele ya nyumba, na sasa umeshika vizuri. Tatizo ni mbwa wa majirani, ambao hufunguliwa usiku ili walinde, kisha huzurura hadi alfajiri na kuja kujisaidia palepale kwenye nyasi zangu, kwa kuwa upande wa mbele sina ukuta bali michongoma ambayo bado ni michanga. Wanangu hucheza peku hapo. Mama yangu mzazi, ambaye ni mtu wa swala, ameacha kabisa kukaa barazani kwa kuhofia najisi, jambo linaloniumiza kuliko nyasi zenyewe. Yamejitokeza pia mabaka makavu ya manjano yaliyozungukwa na duara la kijani kibichi. Jirani mmoja amenishauri nitege sumu, nami sitaki. Kuna njia gani nyingine?

Mtunza bustani, Tegeta

Dada, umefanya vyema kuikataa sumu. Sumu haichagui: itakula kuku, paka, na Mungu apishe mbali, hata mtoto. Isitoshe, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama.

Mabaka hayo ni ya mkojo. Una naitrojeni nyingi, hivyo pale ulipomwagika wenyewe nyasi huungua, na pembezoni, ulikofika kidogo tu, hustawi kama zilizotiwa mbolea. Mwagia ndoo nzima ya maji mapema asubuhi, kabla jua halijapanda; ukoka hutambaa, na baada ya muda utaliziba pengo wenyewe.

Lakini kiini cha yote ni harufu. Mbwa hurudi pale pua inapomwambia kwamba ndipo mahali pake, kwa hiyo ukiacha kinyesi hadi jioni umemwalika tena usiku. Zoa kwa koleo kila asubuhi, kisha osha sehemu hiyo kwa maji mengi. Usirutubishe bustani kwa mabaki ya samaki. Mimi niliwahi kufukia vichwa vya samaki, na kwa wiki nzima mbwa walifukua kila kona. Wakati michongoma inakua, zungushia wavu wa kuku wenye urefu wa mita 1 au zaidi, na ufukie ukingo wa chini ardhini, maana wanachimba. Chupa za maji zinazopangwa kwenye nyasi nilizijaribu miezi miwili bila mafanikio yoyote. Pilipili ya unga huondoka kwa mvua ya kwanza na huingia machoni mwa watoto, na zile dawa nyeupe za nondo za kabatini ni sumu kwa mbwa na kwa mtoto atakayeziokota.

Mtaalamu wa mifugo

Naongezea upande wa afya. Mayai ya minyoo ya mbwa aina ya *Toxocara* huhitaji takriban wiki mbili au zaidi udongoni kabla hayajaweza kumwambukiza mtu, na ndiyo maana kuzoa kila siku kuna faida kubwa kuliko dawa yoyote ya kunyunyizia. Minyoo mingine, ile ya safura ya mbwa, viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuacha mchirizi unaowasha na kujipindapinda. Watoto wavae kandambili. Kinyesi hicho kisiwekwe kamwe kwenye tuta la mchicha. Uliza pia kama mbwa hao wamechanjwa kichaa cha mbwa. Mmoja akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Jirani wa Tabata

Kuhusu mama: katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, uchafu wa mbwa ukishaondolewa, mahali hapo huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sakafu ya baraza inaosheka. Mrudishieni mahali pake.

Kwa wenye mbwa, nenda mwenyewe, mchana, na salamu mbele, kabla ya kupeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwetu mwenye mbwa alikuwa hajui kabisa kwamba wanapenya chini ya geti lake. Alipooneshwa, alipigilia ubao siku ileile.

Mama wa Kinyerezi

Nawashukuru sana. Leo mimi na mama tumeosha baraza kama mlivyoeleza, na baada ya alasiri ameketi hapo na tasbihi yake. Wavu nitanunua mwisho wa mwezi. Nyumba mbili nimekwisha kuzitembelea, na mmoja wa wenyeji ameahidi kuwafunga mbwa wake ndani ya uzio. Wa tatu yuko safarini hadi Ijumaa, nami nitamngoja.