Gofu inaweza kutufunza nini kuhusu kuitunza afya ya akili?

Mhasibu wa Nairobi:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mhasibu, na tangu mwaka jana nimekuwa nikijifunza gofu kila Jumamosi asubuhi. Nilianza kwa sababu za kikazi, maana wateja wetu wengi hupenda kuzungumzia biashara uwanjani, lakini siku hizi naenda kwa sababu nyingine kabisa. Kwa miezi kadhaa sasa silali vizuri. Kosa dogo katika hesabu za mteja hunikesha, nikilirudia kichwani hata baada ya kusahihishwa na mwenyewe kuridhika. Jumamosi iliyopita, kwenye shimo la nne, nilipiga mipira miwili mfululizo ikaishia bwawani, na nikajikuta nimesimama ukingoni nikijitukana kwa maneno ambayo nisingethubutu kumtamkia kijana yeyote aliye chini yangu kazini. Kedi wangu, yaani msaidizi anayenibebea mfuko wa fimbo, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, alifuta fimbo kwa taulo, akairudisha mfukoni, akaniambia: “Bwana, hayo ya nyuma yamekwisha. Twende.” Neno hilo limekaa nami wiki nzima. Je, kuna jambo la kweli ambalo mchezo huu unaweza kumfunza mtu kuhusu kuilinda akili yake, au ninajiliwaza tu?

Mkongwe wa Fimbo:

Ndugu Mhasibu, hujiliwazi. Nimecheza gofu kwa zaidi ya miaka 20, na naamini ugumu wake hauko mikononi. Raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, ilhali kuupiga mpira kwenyewe ni kufumba na kufumbua; ukijumlisha mikwaju yako yote huenda usipate hata dakika tano. Muda wote uliobaki unatembea na mawazo yako, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Mtazame Rory McIlroy, mchezaji gofu wa kulipwa kutoka Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia siku ya mwisho ya Masters, mashindano makubwa yanayochezwa Augusta, Marekani, akiongoza kwa mikwaju minne (katika gofu, mwenye mikwaju michache ndiye anayeongoza). Katika shimo la 10 mpira wake ulipotelea upande wa kushoto, kati ya nyumba za mbao ambazo watazamaji wa televisheni hawakuwa wamezoea hata kuziona, akatumia mikwaju saba katika shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, na siku ikaisha kwa mikwaju 80. Miezi miwili baadaye alishinda US Open, mashindano mengine makubwa ya Marekani, kwa tofauti ya mikwaju minane. Watu hupenda kuishia hapo, kana kwamba jeraha lilipona kwa ushindi mmoja, lakini Augusta penyewe alisubiri hadi Aprili 2025, na hata siku hiyo alipoteza uongozi wake katika shimo la kwanza, akautia mpira majini katika shimo la 13, na katika shimo la 18 akakosa kuutia shimoni mpira wa karibu ambao ungemaliza shughuli yote, ndipo akashinda katika shimo la nyongeza dhidi ya Mwingereza Justin Rose. Kwangu mimi, thamani ya siku ile ni kwamba alishinda akiwa anakosea.

Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, kimo ndani ya kanuni zenyewe. Mpira ukipotea unapewa dakika tatu za kuutafuta, si zaidi. Baada ya hapo unakubali adhabu na kuendelea. Ukiukuta umenasa kichakani, kanuni inakuruhusu utangaze kwamba hauchezeki, ulipe mkwaju mmoja na uutoe mahali penye nafasi, na anayeamua hivyo ni mchezaji mwenyewe peke yake. Nimeona wanaume wazima wakiona aibu kuulipa mkwaju huo mmoja, wakapiga matawi mara tano. Tazama pia handikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, inavyokokotolewa: huchukuliwa wastani wa raundi zako nane bora kati ya 20 za mwisho, na kila shimo lina kikomo cha mikwaju inayohesabiwa. Wewe ni mhasibu, kwa hiyo utanielewa: vitabu vyako vya moyoni unavifunga kwa kuhesabu zile 12 mbovu tu.

Kedi Mstaafu:

Nimebeba mifuko ya wachezaji tangu nikiwa kijana, na nashukuru kwamba bwana huyu alimsikiliza kedi wake. Wakati wa raundi ya mashindano, kanuni haziruhusu mchezaji amwombe mpinzani ushauri. Anaweza kumwuliza kedi wake, au mwenzake ikiwa wanacheza wawili wawili. Kwa hiyo hata katika mchezo unaosifiwa kuwa wa mtu mmoja, yupo mtu wa kutembea naye.

Kazi yetu, kwa kweli, si kumpa mtu mafunzo ya kupiga wakati mambo yameharibika. McIlroy alipokosa ule mpira wa karibu mwaka 2025, kedi wake Harry Diamond, ambaye ni rafiki yake tangu utotoni, alimkumbusha tu kwamba siku ya Jumatatu, kabla mashindano hayajaanza, wangeifurahia sana nafasi kama ile. McIlroy mwenyewe alilisimulia jambo hilo baadaye, na nilipolisikia nilitikisa kichwa kwa kulitambua. Mtu aliyevunjika moyo mwonyeshe mahali aliposimama, si mahali alipoangukia.

Mnasihi wa Pwani:

Kaka Mhasibu, nafurahi kusoma majibu haya, ila kuna neno ambalo naogopa lisipite hivi hivi: umesema hulali vizuri kwa miezi kadhaa. Kutembea kilomita nane au zaidi juu ya nyasi, mbali na simu, pamoja na watu wanaokujua, kuna faida kubwa kwa mwili na akili, na usikuache. Lakini matembezi si matibabu. Huzuni au wasiwasi unaodumu zaidi ya wiki mbili, unaokula usingizi na kukuondolea raha ya mambo uliyoyapenda, unahitaji kuonwa na mtaalamu.

Nikubaliane na mzee wetu kuhusu ule mkwaju wa adhabu, kisha nimtaje aliyeulipa. Chris Kirk, mchezaji gofu wa kulipwa Mmarekani aliyekwisha kushinda mara kadhaa, alitangaza Mei 2019 kwamba anaacha mashindano kwa muda usiojulikana ili ashughulikie ulevi na sonona. Uwanja wa gofu, ambao sisi tunauona kama dawa, kwake ulikuwa kazi, safari na upweke wa hotelini. Alirejea Novemba mwaka huohuo, na Februari 2023 alishinda mashindano ya Honda Classic kule Florida. Ninamtaja kwa sababu hakujaribu kujiponya kwa kupiga mipira mingi zaidi. Nakusihi pia uwe mwangalifu na baa ya klabu baada ya raundi, hasa ikiwa usingizi umeanza kutafutwa huko.

Mhasibu wa Nairobi:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Dada Mnasihi, umegusa penyewe, kwani ile baa nimekuwa nikikaa hadi jioni. Leo mchana nimezungumza na mke wangu, ambaye nilikuwa nikimficha haya, na nimeweka miadi na daktari siku ya Jumanne. Jumamosi nitamwomba kedi yuleyule.