Siku ya 11 taa ya LOS ni nyekundu, na bado naambiwa "zima uwashe"

Wakuu, leo ni siku ya 11 nyumba yangu haina intaneti ya faiba na nimechoka kubembeleza.

Nakaa Nzuguni, Dodoma. Nafanyia kazi nyumbani: natunza hesabu za wenye maduka na kuwapelekea ritani zao za kodi. Ya VAT mwisho ni tarehe 20 ya kila mwezi, na ikichelewa, faini inamwangukia mwenye duka aliyeniamini. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nalalamikia kukosa kuangalia video.

Ilianza Jumatatu alasiri. Katapila lilikuwa linachimba mtaro kando ya barabara yetu, na jioni ile ile taa ya LOS kwenye ruta, ile inayoonya kwamba mawimbi yamepotea, ikageuka nyekundu. Nikaenda kwa mwalimu mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu: nyekundu. Duka la dawa la pale kona: nyekundu. Niliwaambia huduma kwa wateja wa kampuni ya intaneti yote hayo, katapila, majirani, taa. Jibu: "Mama, zima ruta, subiri dakika tano, uwashe." Nimepiga simu mara tisa, na mara saba nimeambiwa hivyo hivyo.

LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye ruta. Faiba ni uzi wa kioo na kazi yake ni kupitisha mwanga. Uzi ukikatikia mtaroni, zima uwashe mpaka usiku wa manane, hakuna kitakachobadilika. Hili mimi mtu wa hesabu nimelielewa kwa kusoma kijitabu kilichokuja na ruta. Anayelipwa kupokea simu za faiba anashindwaje?

Siku ya tatu walinipa ushauri mbaya zaidi: nichukue pini, nibonyeze kile kitufe cha "reset" kilicho nyuma na nikishikilie sekunde kumi. Nikatii. Ruta ikafuta kila kitu, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE (njia ya ruta kuingia kwenye mtandao wao) aliyoweka fundi siku ya kwanza. Sasa nina matatizo mawili: waya umekatika, na hata ukiungwa leo ruta haiwezi kujitambulisha kwenye mtandao wao. Nilipowaomba hizo taarifa nikaambiwa nisubiri fundi. Tafadhali, ndugu zangu, ukiwa na taa nyekundu ya LOS usikubali kubonyeza kile kitufe.

Fundi wa kwanza alikuja siku ya sita. Kijana mwenye adabu, akaamkia, akachomoa waya, akaweka kipimo chake. "Mama, hapa mwanga haupo kabisa." Mashine ya kuungia hakuja nayo, akaondoka. Wa pili alikuja siku ya tisa na mashine, akaunga kule mtaroni, akarudi kupima nguvu ya mwanga ndani: -29 dBm. Nikamuuliza kiwango ni ngapi. Akasema ruta ya aina hii inahitaji walau -27, na kila namba ikishuka kwa 3 nguvu ya mwanga inabaki nusu. Kwa maneno yake mwenyewe, muungo haukukaa sawa. LOS ilizimika, taa ya PON, inayoonyesha ruta imeshika mtandao, ikawa inawaka na kuzima bila kutulia, naye akasema itatulia yenyewe. Kabla pikipiki yake haijafika lami nikapokea ujumbe: "Tatizo lako limetatuliwa. Asante." Saa nne usiku LOS ikarudi nyekundu.

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Tiketi wameifunga wao, bila kuniuliza kama hata ukurasa mmoja umefunguka. Nikipiga, mfumo wao unaonyesha sina tatizo, kwa hiyo naanza upya: zima, subiri, washa. Na kifurushi nilichokilipia cha siku 30 kinaendelea kuhesabu, huku nanunua bando la simu kila asubuhi ili nitume kazi za watu.

Ninachotaka ni fundi mwenye mashine na kipimo aunge upya, asiondoke mpaka PON itulie na taarifa za PPPoE zirudishwe. Siku zote za giza zirudishwe kwenye kifurushi changu. Na tiketi isifungwe mpaka mimi niliyelipa niseme imekwisha.

Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwa ofisi yao na picha za taa za kila siku, namba za tiketi zote mbili na ule ujumbe wa "limetatuliwa". Nataka waniandikie jibu kwenye karatasi. Wakikataa, natoka hapo moja kwa moja hadi TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) Kanda ya Kati, ofisi yao iko hapa hapa Dodoma. Mwalimu amesema tutakwenda wote. Kama uko Nzuguni na taa yako ni nyekundu tangu Jumatatu ile, leta namba ya tiketi yako hapa leo niiweke kwenye barua.