Naomba ushauri: taa za mbele zimeingia ukungu
Ndugu zangu, gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 2004, na plastiki ya taa zake za mbele imegeuka manjano na kuingia ukungu, kiasi kwamba nikirudi nyumbani usiku kwa Barabara ya Thika, hasa mvua inaponyesha, siioni vizuri mistari ya barabarani. Nilizisugua kwa dawa ya meno zikang'aa wiki tatu tu, nadhani kwa sababu tabaka la kukinga jua lilikwisha kuchakaa. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, anapendekeza kuzisugua kwa msasa wa maji, kuanzia ule mkali wa namba 800 hadi ule laini wa 2000, kisha apulizie vanishi (ingawa taa za gari lake mwenyewe zina ukungu!). Je, vanishi ya kawaida itastahimili jua, au ni heri ninunue taa zilizotumika?