Tupeane uzoefu: kuchagua kolamu kwenye R kulikutoaje jasho?

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwezi napokea data ya lishe ya watoto kutoka vituo vinane. Nachambua kwa R, programu ya takwimu, na skripti yangu ilikuwa inachukua uzito kwa namba ya kolamu: data[, 7]. Miezi mitano haikunisumbua. Mwezi wa sita naangalia wastani wa uzito wa watoto walio chini ya miaka mitano, naona 86. Nikakesha na lile jedwali. Kumbe waliotengeneza dodoso wameongeza swali moja mwanzoni, kolamu zote zimesogea, na urefu uliokuwa wa 6 sasa umekaa kwenye 7. Zilikuwa sentimita! R haikulalamika hata kidogo, kwa sababu kolamu ya 7 ipo na ina namba.

Siku hizi naita kwa jina kwa select ya dplyr (pakiti ya R ya kushughulikia majedwali): select(data, uzito_kg). Jina likikosekana kazi inasimama palepale, na ndivyo ninavyotaka.

Wenzangu yamewakuta yapi?

*Mchangiaji, Moshi*
Pole sana mkuu. Mimi hata jina lilinipoteza. Nilibadilisha kolamu ya umri wa mtoto ikawa "miezi", huku chini ya skripti nikaacha data$umri. Nikategemea itagoma. Haikugoma, ikanipa umri_mama! Kwenye data.frame, yaani jedwali la kawaida la R, alama ya dola inakubali jina nusu, mradi iwe kolamu moja tu inayoanza hivyo. Nikapata watoto wenye wastani wa miaka 27. Tangu hapo naandika data[["umri"]], au nageuza jedwali kuwa tibble, aina nyingine ya jedwali la R ambayo haikubali jina nusu.

*Mchangiaji, Nairobi*
Yangu ni ya MASS, pakiti nyingine ya R ya takwimu. Asubuhi select inafanya kazi, mchana nimepakia MASS kwa ajili ya regresheni, select ikaanza kukataa kolamu zangu zote. Nikaiondoa R na kuiweka upya, wapi! MASS nayo ina select yake, na iliyopakiwa mwisho ndiyo inayosikilizwa. Andika dplyr::select, utalala.

*Mchangiaji, Mwanza*
Wanaotumia data za DHS (utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu) watanielewa. Faili la wanawake lina maelfu ya kolamu na kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, nikilifungua lote inaganda. Dada mmoja kazini akanionyesha kuchagua wakati wa kusoma faili, kabla ya kupakia, kwa read_dta ya pakiti ya haven:

read_dta(faili, col_select = c(v005, v012, v025, v106))

Yaani uzani wa sampuli, umri, mjini au kijijini, na kiwango cha elimu. Ile v005 igaweni kwa 1,000,000 kabla ya kuitumia.

*Mchangiaji, Dodoma*
Mleta mada, kuna kolamu ambazo mwezi huu zipo, mwezi ujao hazipo. Ukiita kwa jina si utasimama kila mara?

*Mleta mada*
Swali zuri. Hizo ziweke ndani ya any_of(), itachukua zilizopo na kuendelea. Mimi kolamu za maoni ya mhudumu naziweka humo. Ila uzito, urefu na tarehe ya kuzaliwa naziweka kwenye all_of(), ikikosekana hata moja inagoma. Usiuweke uzito kwenye any_of, tafadhali, utakuja kugundua umekosekana ripoti ikiwa imeshatumwa.

*Mchangiaji, Dodoma*
Nimejaribu sasa hivi na faili la mwezi uliopita, imekubali. Shukrani mkuu.