Tupeane uzoefu: kuboresha taa za pikapu kwa mwonekano na kwa mwanga

Ndugu wadau, salaam. Nina Hilux ya mwaka 1999 inayobeba viazi kutoka Njombe, na kwa kuwa mzigo huondoka jioni, sehemu kubwa ya safari zangu ni usiku. Mwaka jana niliondoa balbu za kawaida za H4, zile za wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, nikaweka za LED kwa sababu nilivutiwa na weupe wake. Gari lilipendeza kweli. Hata hivyo, ukungu ulipotanda kabla ya Makambako, mwanga ule ulinirudia usoni, na kila dereva niliyepishana naye alinipigia fulu. Nilisimama mbele ya ukuta wa duka moja nikaweka dimu: mwanga ulitapakaa hadi kwenye bati, wala haukuwa na ule mstari unaotenganisha penye nuru na penye giza. Taa ile iliundwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa balbu uliokaa mahali pake hasa, nazo LED nilizonunua hazikukaa mahali hapo. Nimerudisha za zamani, ila bado natamani gari langu lipendeze. Wenzangu mmefanyaje?

Mdau wa Mbeya:
Mkuu, kabla hujanunua chochote, pima umeme unaofika kwenye balbu. Kwenye Hilux yangu ya zamani betri ilisoma volti 13.5 injini ikiwaka, lakini kwenye soketi ya balbu zilifika 12 tu, na upungufu huo hupoteza karibu theluthi ya mwanga wa halojeni, yaani balbu hizo za kawaida za uzi. Fundi alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na rilei mbili (swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme), swichi ikabaki na kazi ya kuziamuru rilei peke yake. Balbu ni zilezile, na sasa naona mawe ya kando ya barabara ambayo sikuwahi kuyaona. Angalizo: katika Hilux nyingi za zamani, chanya hufika kwenye balbu taa zinapowashwa, na swichi huchagua fulu au dimu kwa kuunga hasi. Fundi wangu wa kwanza hakulijua hilo, kwa hiyo spotlaiti alizofunga kwenye bampa zikawa zinawaka nikiweka dimu na kuzimika nikiweka fulu.

Mdau wa Morogoro:
Kwangu tatizo lilikuwa plastiki ya taa kuwa ya manjano. Nilisugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, nikamalizia kwa polishi na vanishi ya kuzuia jua. Ukiacha vanishi, manjano hurudi upesi.

Mdau wa Dar es Salaam:
Mimi niliagiza taa nzima za LED kutoka Dubai, nzuri mno kwa macho. Kule huendesha kulia, kwa hiyo dimu yake hupanda upande wa kulia ili imulike ukingo wa barabara yao. Huku kwetu upande huo ndiko anakotoka mwenzako. Hakuna skrubu ya kuirekebisha hali hiyo. Niliziuza, nikachukua za gari la Thailand, ambako huendesha kushoto kama sisi. Muulize muuzaji jambo hili kabla ya bei.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru sana. Nimeanza na rilei, na tofauti ni kubwa. Nimegundua pia kwamba nikipakia viazi, nyuma hukaa chini na pua huinuka, hivyo hata taa zilizopangwa vizuri gereji gari likiwa tupu huwapiga watu machoni. Sasa huzipanga mzigo ukiwa juu: mita 10 kutoka ukutani, mstari wa dimu ukae sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Taa za ukungu za manjano nitazifunga chini ya bampa mwezi ujao, nami nitaleta picha.